Mafuta Yakiadimika, Nani Atashika Kazi Zake?

Kilomita chache baada ya maji ya Ziwa Kivu kuziacha pwani za Cyangugu na Bukavu, mto hupungua upana, hupata haraka, na kuanza kushuka kwa kishindo kati ya vilima. Hapo ndipo Mururu, tarafa ya wilaya ya Rusizi, ambayo wazee bado huiita kwa jina lake la kale la Cyangugu. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Wanyarwanda huuita mto huo Rusizi, Wakongo huuita Ruzizi, na vituo vya umeme vilivyojengwa juu yake vimeshika jina hilo la pili.

Mgeni anayesimama juu ya kilima huweza kuona mambo mawili kwa mtazamo mmoja. La kwanza ni nyaya nene za umeme zinazotoka bondeni kuelekea pande tatu, Rwanda, Kongo na Burundi. La pili ni lori la mafuta linalokokota barabarani. Lori hilo aghalabu limepakia shehena yake Dar es Salaam, likavuka Tanzania kwa mapana yake, likapanda milima hadi Kigali, safari ya kilomita zaidi ya 1,400, kisha likaongeza nyingine zaidi ya 200 na kuupenya msitu wa Nyungwe kabla ya kufika Kamembe. Mafuta yake yamekwisha kuunguza mafuta mengi njiani.

Tangu zamani watu wamekuwa wakiulizana: siku mafuta ya dunia yatakapopungua, ni kitu gani kitakachoshika kazi zake? Mmoja husema maji, mwingine husema jua, wa tatu husema gesi ya ziwani. Hapana aliyekosea kabisa, walakini majibu hayo huja upesi mno, kwa kuwa mafuta hayafanyi kazi moja tu. Huzungusha mashine za umeme, huwasha moto wa kupikia, na huendesha vyombo vya safari. Kila kazi ina matatizo yake, na mrithi anayefaa kwa moja huenda asifae hata kidogo kwa nyingine.

Nguvu iliyomo ndani ya lita moja

Lita moja ya dizeli ina joto lipatalo kilowati-saa 10. Mtu mzima mwenye afya, akilima au akichota maji tangu asubuhi hadi jioni, hutoa kazi ya takriban nusu ya kilowati-saa. Hata tukikubali kwamba injini hupoteza theluthi mbili za joto lake hewani, lita moja humfanyia mwenye nayo kazi ya mtu mmoja kwa siku sita au saba. Isitoshe, lita hiyo hubebeka katika chupa, haiozi upesi, na hungoja mpaka itakapohitajika. Askari anayelinda mpaka huijua hesabu hii bila ya kufundishwa. Gari la doria lisilokuwa na dizeli ni kibanda cha chuma.

Mafuta hayatakwisha siku moja kama debe linavyokauka. Mtaalamu wa miamba wa Marekani, M. King Hubbert, alitabiri mwaka 1956 kwamba uchimbaji wa nchi yake ungefika kileleni kati ya miaka ya 1965 na 1970, kisha uanze kushuka. Kilele kilifika mwaka 1970. Wamarekani walishuka kwa miaka mingi, na baadaye wakapanda tena kwa kupasua miamba iliyo chini sana ardhini, hata wakaipita rekodi ya zamani mwaka 2018. Kwa hiyo wale waliotangaza mwisho wa mafuta walifanya haraka. Lakini mafuta ya kupasuliwa kwenye mwamba si rahisi kama yale yaliyokuwa yakiruka yenyewe kutoka kisimani. Kila pipa jipya hudai gharama na jasho zaidi kuliko lile lililotangulia.

Kwa nchi isiyokuwa na bandari, hata hivyo, mafuta huadimika zamani kabla visima havijakauka. Yatosha njia ifungwe. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 viliikata barabara ya Mombasa, na Rwanda ikabaki inatafuta njia nyingine. Januari 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, magari ya Rwanda, Burundi na Uganda yalipanga foleni kwenye vituo vya petroli kwa sababu ya magogo na mawe yaliyolazwa barabarani mamia ya kilomita mbali nao. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei duniani kote, na mwezi wa Agosti lita moja ya petroli nchini Rwanda ilifika faranga 1,609.

Mto wa mataifa matatu

Kituo cha Ruzizi ya Kwanza kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, na kimesimama upande wa Kongo. Uwezo wake ni karibu megawati 30. Megawati moja, kwa lugha ya jikoni, ni nguvu ya kuwasha majiko elfu moja ya umeme ya kilowati moja moja kwa wakati mmoja.

Kisha ikaja Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta yao kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati, na kufikia mwanzo wa 1974 bei ya pipa ilikuwa imeruka kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Mwaka huo huo wa 1974, Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda chombo cha pamoja cha kushughulikia nishati ya Maziwa Makuu. Mwaka 1976 zikatia sahihi mjini Gisenyi mkataba wa jumuiya yao ya kiuchumi, na mwaka 1983 likazaliwa shirika la SINELAC, mali ya mataifa yote matatu. Kazi yake ilikuwa kujenga na kuendesha Ruzizi ya Pili. Kituo hicho kilianza kutoa umeme mwaka 1989, na baada ya kuongezewa mashine ya tatu uwezo wake ukawa megawati 43.8, za kugawanywa sawasawa kwa tatu.

Mtu akipiga hesabu ya mto mzima, tamaa humshika. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika, ambako mto huishia, liko karibu mita 770. Mita za ujazo mia moja hivi za maji hutoka Kivu kila sekunde na kushuka tofauti hiyo yote ya mita 690. Katika karatasi, kabla ya kuondoa hasara za mashine na msuguano, nguvu hiyo yapata megawati 675. Na uzuri wa mto ni kwamba maji yaliyozungusha mtambo wa kwanza hayaliwi. Yale yale huzungusha wa pili, na kesho yangeweza kuzungusha wa tatu. Huo wa tatu, Ruzizi ya Tatu, umezungumzwa kwa miaka mingi. Mpango wake ulikuwa wa megawati 147, baadaye ukapanuliwa hadi 206. Mikataba imetiwa sahihi, wakopeshaji wamekutana na kuachana, na miaka imepita.

Sababu haiko majini. Lango linalopima kiasi cha maji yanayotoka ziwani liko kwenye bwawa la Ruzizi ya Kwanza, mikononi mwa Kongo, na vituo vyote vilivyo chini yake hula kile kilichoachiwa huko juu. Umeme wa shirika la mataifa matatu nao umepata kucheleweshwa malipo yake na wale wale wenye shirika. Tena mto huu ni mpaka. Wakimbizi waliuvuka kwa makundi mwaka 1994. Vita vilizuka ng'ambo mwaka 1996, na tena mwaka 1998. Februari 2025 mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwenye kukopesha mamia ya mamilioni ya dola hutazama ramani kabla ya kutazama maporomoko.

Maji pia yana maradhi yake. Kati ya 2004 na 2006 Rwanda ilipata funzo ambalo halifai kusahauliwa na nchi yoyote ya Afrika Mashariki. Kaskazini mwa nchi, wakulima walikuwa wamechimba mifereji katika bonde la majimaji la Rugezi ili wapate mashamba. Bonde hilo lilikuwa kama sifongo linaloachia maji kidogo kidogo hadi Ziwa Burera. Sifongo lilipokauka, ziwa lilishuka, na kituo cha Ntaruka, kilichojengwa mwaka 1959, kikakosa maji ya kuzungushia mashine. Mvua nazo zilikuwa haba, na Ziwa Kivu lenyewe lilipungua. Serikali ikalazimika kukodi mashine kubwa za dizeli ili Kigali isilale gizani. Bei ya umeme, iliyokuwa faranga 42 kwa kilowati-saa, ilipanda mara mbili hadi kufika 112. Mrithi aliugua, marehemu akaitwa arudi kazini, na ujira wake ukawa mkubwa kuliko wa zamani.

Rugezi ilirudishiwa maji yake kwa kuwaondoa watu waliolima ndani na kuizungushia miti na majani, na Ntaruka ikapona. Sifa za kimataifa zilifika mwaka 2010, Rwanda ilipopewa tuzo kwa kazi hiyo. Lakini familia zilizokuwa zikila viazi vya bonde lile zililipa sehemu yao ya umeme kwa namna isiyoandikwa kwenye stakabadhi.

Gesi iliyolala ziwani

Chini ya maji ya Kivu, ambayo kina chake hufika mita 485, imelala gesi ya methani kiasi cha kilomita za ujazo 60 hivi, pamoja na hewa ya ukaa mara tano ya hiyo. Uzito wa maji ya juu ndio unaoibana isitoke. Namna ya kuitoa ni jambo la ajabu lililo sahili: bomba huteremshwa mamia ya mita, maji ya chini huanza kupanda, na kadiri yanavyokaribia juu gesi hutoka yenyewe kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa. Methani huoshwa ili itengwe na hewa ya ukaa, kisha maji hurudishwa kilindini.

Jambo hili si geni. Tangu mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona, karibu na Gisenyi, ulipeleka gesi ya ziwa kwenye kiwanda cha bia cha Bralirwa, ikachemsha matangi badala ya mafuta. Lakini kutoka hapo hadi kuzalisha umeme kwa wingi ilipita zaidi ya nusu karne. Kituo cha KivuWatt, huko Karongi, kilizinduliwa mwaka 2016 kwa megawati 26, na kingine cha megawati 56 kikafuata Rubavu. Makadirio ya rasmi husema ziwa lote lingeweza kutoa megawati 700 kwa miaka zaidi ya hamsini, zikigawanywa na Kongo.

Hapa kuna sababu nyingine ya kuitoa gesi hiyo, nayo ni uhai. Agosti 1986 Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika hewa ya ukaa usiku, na watu zaidi ya 1,700 wakafa, wengi wakiwa usingizini. Kivu ni kubwa kupita Nyos mara nyingi mno, na ukingoni mwake wanaishi watu kwa mamilioni. Kuipunguza gesi kwa taratibu ni kulituliza ziwa; kuitoa ovyo, kwa kuyarudisha maji mazito mahali pasipopasa, ni kulichokoza. Katika kazi zote zinazotajwa hapa, hii ndiyo inayohitaji usimamizi mkali zaidi.

Si mbali na Mururu, katika wilaya hiyo hiyo ya Rusizi, lilijaribiwa pia jambo lingine. Mabondeni kuna udongo mweusi uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao Wanyarwanda huuita nyiramugengeri. Ukikaushwa, huwaka. Kiwanda cha saruji cha Cimerwa, huko Bugarama, kimewahi kuutumia mahali pa mafuta mazito. Kwa hiyo pale Gishoma kikajengwa kituo cha umeme cha megawati 15. Katika vitabu hesabu ilikuwa safi. Kumbe udongo wa bondeni hauvunwi wakati wa mvua, haukauki kwa urahisi, na moto wa mtambo haungoji. Kituo kimesimama mara kwa mara kwa kukosa chakula chake. Tena nyiramugengeri ikishachomwa haioti upya katika uhai wa mjukuu.

Joto la ardhini nalo lina hadithi mbili. Kenya ilianza Olkaria mwaka 1981 kwa megawati 15, na leo mvuke wa Bonde la Ufa huipa nchi hiyo mamia ya megawati. Rwanda ilitoboa visima chini ya mlima Karisimbi mwaka 2013, ikafika kilindi kikubwa, isipate mvuke wa kufaa. Nguvu za jua zimekwisha kuthibitika: shamba la vioo la Rwamagana, la megawati 8.5, limefanya kazi tangu 2014. Ila jua huzama wakati ule ule mama anapowasha taa na kuanza chakula cha jioni, na betri za kutosha taifa zima ni ghali. Upepo wa Rwanda ni mchache. Atomu inadai mtaji mkubwa na wataalamu wa miaka mingi. Hadi 2025 kituo cha Koeberg cha Afrika ya Kusini, kilichoanza 1984, kilikuwa bado peke yake barani.

Jikoni

Mjadala wa nishati huzungumzwa zaidi na wanaume wanaohesabu megawati, ilhali nishati nyingi ya Rwanda huteketea chini ya chungu. Takriban kaya tatu katika kila nne hupikia kuni, na zilizo nyingi kati ya zile zinazobaki hupikia makaa. Mafuta ya taa, ambayo zamani yaliwasha taa na majiko, ni mafuta yale yale ya lori kwa jina jingine. Gesi ya mitungi nayo, pamoja na usafi wake, huletwa kutoka ng'ambo kupitia bandari zile zile. Mwenye kuhama kutoka makaa hadi mtungi ameokoa macho ya mkewe na miti ya kilimani, lakini hajaikwepa barabara ya Dar es Salaam.

Basi kwa nini watu wasipikie umeme wa Mururu? Sensa ya 2022 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 3.3. Kila moja ikiwasha jiko la kilowati moja saa moja ya usiku, zitatakiwa megawati 3,300. Mitambo yote ya Rwanda kufikia 2024 ilikuwa na uwezo wa megawati 400 na ushei. Hata kaya moja tu katika kila kumi ingemeza karibu umeme wote wa nchi, na hospitali isibakiwe na cha kuwashia chumba cha upasuaji. Mto wote wa Ruzizi, mpaka tone la mwisho, hauwezi kuivisha maharage ya Rwanda kwa majiko ya namna hiyo.

Kwa sababu hiyo jiko la rondereza, lililofinyangwa kwa udongo ili moto usitawanyike, linastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Sufuria ya umeme ya kufungia mvuke hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za jiko la kawaida. Na maharage yaliyolowekwa tangu jana huiva mapema zaidi, kuni zilizokaushwa hutoa joto mahali pa moshi, na kifuniko juu ya chungu hakigharimu kitu. Wenye nyumba wanayajua haya zamani; wanaopanga megawati ndio wanaoyasahau.

Barabarani

Kazi ya safari ndiyo ngumu kupita zote. Miaka ya 2000 ilisifiwa mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hutoa mafuta, na mashamba yakafunguliwa Tanzania na Kenya kwa matumaini makubwa. Mavuno hayakufanana na ahadi. Kwa Rwanda, yenye watu zaidi ya 500 katika kila kilomita ya mraba, hata swali lenyewe ni la hatari: shamba lipandwe chakula cha watoto au cha malori?

Kilichobaki ni betri. Kilo ya dizeli ina kilowati-saa 12 hivi. Kilo ya betri nzuri haifiki robo moja ya kilowati-saa. Mota ya umeme haipotezi nguvu kama injini, kwa hiyo pengo hupungua, lakini halifutiki. Pikipiki hulivuka pengo hilo kwa wepesi, kwa kuwa ni nyepesi na safari zake ni fupi. Pikipiki za umeme zilianza kubeba abiria Kigali mwaka 2019, dereva akibadilisha betri kituoni kwa dakika chache, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli haziandikishwi tena kwa biashara hiyo mjini humo. Umeme wa mto, jua na gesi ya ziwa sasa unaingia magurudumuni. Lori la tani thelathini linalopanda Nyungwe ni jambo jingine kabisa.

Huko Mururu kazi ya kila siku huendelea. Ziwa huleta majani, matawi, na siku hizi chupa za plastiki kwa maelfu, zilizotupwa katika mitaro ya Bukavu na vijiji vya pwani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, lakini maji hayana paspoti. Taka hizo hujikusanya mbele ya bwawa la Ruzizi ya Kwanza, huzama, huziba njia ya maji, na zimepata kuisimamisha mashine. Wafanyakazi huziopoa kutoka mashuani, nyingine kwa mikono. Kesho yake asubuhi nyingine zimefika, na juu yao, barabarani, lori lililoshusha mafuta Kamembe linajaza dizeli ya kurudia Dar es Salaam.